Mustang ya 1967 na Mustang GT ya 2018: lipi tamu kuendesha hapa Mombasa?

Kila nikiegesha, hata injini haijapoa, hunijia mtu na swali lilelile: kati ya magari haya mawili ya Ford, lipi tamu? Jibu langu ni lile gari la zamani. Kwa barabara za Mombasa na mwendo wa Mombasa, Mustang ya 1967 ni tamu kuendesha kuliko ya 2018, na si kwa tofauti ndogo. Lakini mwanangu akiniambia ana safari ya Nairobi usiku, nampa funguo za jipya bila kusita. Yote mawili nayasema kwa moyo mmoja, na sababu zake ndizo hizi.

Mimi asili yangu ni dereva wa trela. Nimevuta makontena kutoka bandarini hadi Kampala miaka na miaka, na sasa nimetulia nyumbani naendesha magari ya harusi. Tajiri wangu anakodisha Mustang mbili. La zamani lina injini ya V8, yaani silinda nane, ya inchi za ujazo 289, yaani lita 4.7, na gia otomatiki za hatua tatu. Usukani wake ulihamishiwa kulia zamani sana, maana Ford hawakutoa kiwandani Mustang yenye usukani wa kulia mpaka kizazi cha sita, kile cha 2015. Jipya ni GT lililotumika Uingereza kabla ya kushushwa hapa Kilindini: V8 ya lita 5.0, otomatiki ya gia kumi. Mimi ndiye ninayeyapeleka kwa maharusi, ninayeyaosha chumvi, na ninayeyasindikiza kwa fundi. Kwa hivyo sisemi maneno ya mtu aliyepewa gari akazunguka nalo Nyali kisha akarudisha.

Wajuzi watanikosoa kwamba gari la misuli hasa, yaani gari la Kimarekani la injini kubwa, ni Pontiac GTO ya 1964, ile ya inchi 389, na kwamba Mustang ni ukoo wa pembeni. Sawa. Lakini ukikaa nyuma ya V8 ya Kimarekani yenye kabureta, kile chombo cha kuchanganya petroli na hewa, mguu wako hauulizi ukoo.

Kuliwasha la zamani kuna adabu yake. Asubuhi injini ikiwa baridi, unakanyaga mafuta mara moja hadi chini ili choki, kile kifuniko cha kupunguza hewa, ijifunge, unaachia, ndipo unazungusha ufunguo. Linakohoa, linashika, na bodi nzima inatikisika kidogo upande mmoja, kisha linatulia kwenye ule mngurumo mzito wenye mapigo yasiyolingana. Harufu ya petroli inaingia ndani. Mchana mambo hugeuka. Tukimaliza picha za Mama Ngina, gari limesimama juani dakika ishirini, petroli iliyomo kwenye kabureta huchemka kwa joto la injini iliyo chini yake na kumwagikia ndani. Hapo mambo ya choki unayasahau kabisa: unakanyaga mafuta hadi mwisho, unashikilia hapohapo, unapiga stata mpaka injini ijisafishe. Huku bibi harusi yuko nyuma na jamaa wote wanatazama. Jipya unabonyeza kitufe tu. Unaweza hata kuliamuru lianze kwa sauti ya chini, usiamshe mtaa mzima alfajiri.

Sasa nguvu. Kwenye karatasi hakuna mashindano. La zamani liliandikiwa nguvu za farasi 200. Jipya, kwa hesabu ya Marekani, 460. Na zile 200 zenyewe ni za kipimo cha kale, injini ikiwa imewekwa peke yake bila mizigo yake ya kawaida na bila mfumo kamili wa egzosi. Kuanzia modeli za 1972 viwanda vya Marekani vilihamia kipimo kinachohesabu injini ilivyo ndani ya gari, na namba zikashuka ghafla. Basi pengo la kweli ni kubwa kuliko linavyoonekana.

Ila namba hizo hazikuambii nguvu iko wapi. Injini ya 289 inatoa mvuto wake mkubwa ikizunguka mara 2,400 tu kwa dakika. Mimi nimezoea lori, na hicho ndicho ninachokijua na kukipenda: unagusa mafuta kidogo, mzigo unaondoka. Ukitoka Kongowea ukashika Daraja la Nyali, tuktuk mbele, matatu ubavuni, unapata nafasi ndogo mbele yako. Kwenye la zamani unakanyaga nusu inchi, pua inanyanyuka, matako yanakaa chini, sauti inapanda kupitia sakafu hadi kwenye mifupa, na unahisi umefanya jambo kubwa. Tazama kipima mwendo: hata kilomita 50 haijafika. Utamu wote wa gari umeupata ndani ya sheria, mbele ya askari.

Jipya likiwa hapo darajani limelala. Gia kumi zinapandishana zenyewe kimyakimya, injini inazunguka polepole kuokoa mafuta, na ungefumba macho ungedhani uko kwenye Harrier ya mtu yeyote. Raha yake iko juu, mizunguko elfu tano kwenda mbele, hadi zaidi ya elfu saba. Kufika huko ni sekunde chache, na ni za kutisha kwa uzuri wake. Lakini gia ya tatu ikimaliza kupanda umeshavuka kilomita 110, na hapo sheria imeshakuacha. Nimelichukua mara nyingi barabara ya Dongo Kundu, asubuhi na mapema, upepo wa bahari unavuka Daraja la Mteza, lami safi. Hata huko, pazuri kuliko popote pwani hii, gari lile linatumia robo tu ya lilichopewa. Inauma kidogo. Unalihisi linasubiri ruhusa ambayo huwezi kuitoa.

Usukani wa la zamani ni wa kuongoza mashua: unageuza mapema, unangoja pua ije, ndipo unarudisha. Katikati pana nafasi tupu ambapo mkono unacheza na gari haliendi popote. Vijana wakilijaribu hupigana nalo, wakashika kwa nguvu na kusahihisha kila sekunde. Dawa ni kushika kwa vidole, kutazama mbali na kuliacha litembee. Jipya linakata kona pale ulipotazama. Nyuma lina sasipenshini huru kwa kila gurudumu tangu 2015, ambapo la zamani lina ekseli nzima iliyokalia springi za vyuma vilivyolaliana, zilezile za lori. Kwenye kona yenye mabonde, ekseli ile huruka ikatua pembeni kidogo. Ukishaijua haikushtui.

Hapo lazima niongee juu ya breki, na wapenzi wa magari ya kale wanisamehe. Gari letu lina breki za dramu, zile zinazobana kutoka ndani ya ngoma ya chuma, magurudumu yote manne, kama yalivyotoka mengi wakati ule, na hazina msaada wowote: nguvu yote ni ya paja lako. Kavu, mara ya kwanza, zinasimamisha. Mara ya tatu mfululizo zimepata moto, pedali inakwenda chini na gari linaendelea. Na mvua ya Mei ikinyesha, maji yakajaa Links Road, ngoja nikueleze kinachotokea. Umepita kwenye dimbwi polepole. Mita hamsini mbele tuktuk inasimama kushusha abiria. Unakanyaga, na hakuna kitu. Unakanyaga zaidi, ghafla gurudumu moja la mbele linashika kabla ya mwenzake, na pua inavutwa kushoto, kwenye watu. Ndiyo maana baada ya kila dimbwi mguu wangu wa kushoto unaelea juu ya breki, unagusa kidogokidogo huku natembea, mpaka dramu zikauke. Dereva ambaye hajui hili asipewe gari lile siku ya mvua, hata akiwa mwenye mali.

Jipya lina diski kubwa na kaliperi za Brembo, yaani vibanio vya diski, na kompyuta inayogawa nguvu ya breki kila gurudumu peke yake. Linasimama. Sina zaidi ya kusema. Lakini kwa wanaodhani upya ndio usalama wote, Januari 2017 shirika la majaribio ya usalama wa magari la Euro NCAP liliipa Mustang ya kizazi hiki nyota 2 kati ya 5, kisha likaipa 3 mwaka huohuo baada ya marekebisho. Kwa gari la kisasa hizo ni chache. Hata hivyo mbele ya gari la 1967, lenye mkanda wa kiunoni na vyuma vitupu, hakuna mjadala. Watoto wangu nawapandisha jipya.

Kwenye matuta la zamani linapata ushindi ambao watu hawautarajii. Tairi zake ni za rimu ya inchi 14, zina nyama, na tumbo liko juu kiasi. Linabembea likapita. Jipya lina rimu za inchi 19 na mpira mwembamba juu yake. Kila shimo la Bamburi linafika mgongoni, na mdomo wake wa mbele uko chini hivi kwamba kushuka njia ya feri Likoni lazima uende mshazari, na mtu atembee mbele akuangalizie. Upana nao: la zamani ni mita 1.80, jipya ni mita 1.92 bila vioo. Sentimita kumi na mbili kwenye Ndia Kuu, katikati ya baraza na pikipiki zilizoegeshwa, ndizo zinazoamua kama utafika mlangoni kwa bibi harusi au utamwita atembee.

Joto: la zamani halina AC. Lina vile vioo vidogo vya pembetatu mbele ya dirisha, unavigeuza vikachota upepo moja kwa moja kifuani, na ukiwa unatembea kuelekea Mtwapa hutamani kingine. Ukisimama kwenye msongamano, habari ni nyingine. Feni inazungushwa na injini yenyewe, kwa hivyo injini ikizunguka polepole na hewa inapungua, mshale wa joto unapanda mbele ya macho yako. Tulibadilisha rejeta, tukaiwekea aluminiamu, tukafunga na kava ya kuongoza hewa ya feni, ndipo nikapata amani. Kwa bibi harusi aliyekaa kupambwa tangu asubuhi, hina na vipodozi na maua, nenda na jipya. Nimeona machozi kwa jambo hili.

Mwenye kutaka kununua la zamani pwani, adui yake si injini. Injini fundi wetu wa Jomvu anaikagua kwa kipande cha mpira wa maji: ncha moja sikioni, ncha nyingine anaitembeza juu ya vifuniko vya vali, na anakuambia ni silinda ipi. Kompyuta hahitaji. Hakikisha tu viti vya vali, zile pete ambazo vali hukalia, vilishabadilishwa vikawekwa vya chuma kigumu, kwa sababu injini zile zilizoea petroli yenye madini ya risasi, iliyovilinda viti hivyo, na hiyo iliondoka kwenye vituo vyetu mwaka 2006. Adui ni chumvi. Chini ya kioo cha mbele, penye matundu ya kuingizia hewa, pana birika la bati lililofungwa pande zote, huwezi kulisafisha wala kulipaka rangi, na uchafu ukiziba humo maji hukaa. Ni ugonjwa wa Mustang zote za miaka ile hata kwao. Kwa hewa ya Mombasa ni mara dufu. Chukua ndoo, mwaga maji kwenye matundu hayo taratibu, kisha ingiza mkono chini ya dashibodi ushike zulia. Likilowa, punguza bei au ondoka, maana kuliziba kunataka kukata bodi. Habari njema ni kwamba mabati ya modeli ile bado yanatengenezwa upya Marekani, karibu kila kipande. Spea za jipya zipo pia, ila zinataka mashine ya kusoma makosa na mtu anayeielewa, na hao hapa Mombasa ni wa kuhesabika.

Na asije mtu akadhani V8 kubwa ndiyo jibu la barabara zetu. Mwaka 1964 Wamarekani walileta Mercury Comet, ndugu wa damu wa Mustang, kwenye mashindano ya magari ya Safari. Nyingi hazikumaliza. Aliyeshinda alikuwa na Ford Cortina GT, kigari cha silinda nne.

Tajiri nimemwomba jambo moja tu, na amekubali: la zamani lifungwe diski mbele. Vifaa vipo, bolti kwa bolti, na sura ya gari haiguswi. Mpaka hapo, mkilikodi kwa msafara wa harusi, niwekeni nyuma kabisa au mbele kabisa. Katikati hapana. Wenye Probox na Vitz husimama ghafla kupiga video, na mimi nahitaji nafasi yangu.