Kipimo cha gamba la chatu-mpira: lipia wapi, acha wapi

Kipimo cha vinasaba cha chatu-mpira (nyoka wa kufugwa, ball python), kinachotumia gamba alilojivua na kuuzwa Marekani, kinalipa kwa jeni zilizojificha, zisizoonekana kwenye rangi. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji wa ualbino, kila mtoto mwenye rangi ya kawaida ana uwezekano wa 66% wa kuibeba jeni hiyo, na kwa macho hutambui kitu. Hapo toa hela.

Kwa pasteli, aina ya rangi inayoonekana kwa macho, okoa pesa: subiri ajivue gamba la kwanza, kama wiki moja hadi mbili tangu aanguliwe, ndipo rangi isomeke. Tumbo-njano, aina nyingine ya rangi, ndiye msumbufu kumtambua. Mgeuze, kagua madoadoa kwenye kingo za tumbo.

Kasoro kubwa ya kipimo ni unyevu. Gamba bichi huota ukungu, vinasaba vikaharibika. Likaushe, kila nyoka bahasha yake ya karatasi. Na orodha ya jeni zinazopimwa haijakamilika, isome kwanza.