Kipimo cha pawasaplai cha shilingi 45,000: uzoefu wangu kwenye kompyuta kongwe zisizowaka

Nakitumia kipimo hiki cha pawasaplai (kile kisanduku cha ndani ya kompyuta kinachogeuza umeme wa ukutani uifae mashine) mwaka wa pili sasa, hapa Busia upande wa Uganda, kwenye kompyuta za mezani za zamani, nyingi zikiwa za mtumba. Nilikinunua Kampala. Ni kiboksi cha kutosha kiganjani, chenye kioo kidogo, tundu la plagi kubwa ya pini 20 au 24, na matundu ya SATA na Molex (plagi za diski) na ya plagi za pini 4, 6 na 8. Bei yake naiona ya haki, mradi mnunuzi ajue kinakomea wapi.

Kabla ya kukitoa kwenye mfuko, anza ukutani. Fyuzi iliyo ndani ya plagi ya pini tatu hukatika bila dalili yoyote, na mashine nzima ikaambiwa imekufa. Weka fyuzi ya ampea 5, usiweke 13. Kisha pima soketi yenyewe kwa multimita, kifaa cha kupimia volti. Umeme wetu ni wa volti 240, lakini saa moja jioni, kila nyumba ikiwa imewasha, mwisho wa laini hushuka. Pawasaplai ya zamani yenye swichi ndogo ya 115/230 mgongoni imeundwa ianzie volti 180 hivi. Ikipata 165 inaweza kunyamaza, na haina ugonjwa wowote. Wapo wanaosogeza swichi hiyo kwenye 115 ili iwake jioni. Umeme ukipanda tena kufika 240, utasikia mlio na harufu ya kuungua, na pawasaplai imekwenda. Tafadhali msifanye hivyo, nunueni stabilaiza, kifaa cha kusawazisha volti.

Sasa kipimo. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili chaji iliyobaki iishe, bana kikulabu cha plagi ya pini 24 na uing'oe kwenye bodi (ubao mkuu wa kompyuta), kisha ichomeke kwenye kipimo. Plagi za pini 4 au 8 zipime moja moja. Rudisha umeme. Ndani ya sekunde mbili tatu kioo kinaonyesha volti za kila laini ya pawasaplai. Ya 12 iwe kati ya 11.4 na 12.6, ya 5 iwe kati ya 4.75 na 5.25, na ya 3.3 isishuke chini ya 3.14 wala kupita 3.47. 5VSB ni umeme wa kusubiri, ule unaokuwapo hata kompyuta ikiwa imezimwa. PG ni muda wa ishara ya kusema "niko tayari", nao kwa kawaida ni milisekunde 100 hadi 500. Ikitokea LL, laini hiyo iko chini mno au haipo, HH, imezidi. Kipimo kikilia, usiirudishe hiyo pawasaplai kwenye bodi.

Kikisema mbovu, mimi hukiamini moja kwa moja. Kikisema nzima, siamini bado, na hapa ndipo wengi hupoteza pesa. Mzigo kinaoubebesha ni mdogo sana. Pawasaplai iliyochoka itaonyesha 12.1 na 5.0 safi kabisa, halafu ukiirudisha kwenye bodi feni inazunguka nusu mzunguko na kusimama. Mara nyingi chanzo ni kapasita (vile vikopo vidogo vya kutunza chaji) zilizokauka, na zinazotangulia ni za laini ya kusubiri, kwa sababu hiyo hufanya kazi mchana na usiku maadamu waya uko ukutani. Dalili yake mojawapo ni mashine inayogoma asubuhi ya baridi, kisha inakubali baada ya kukaa kwenye umeme dakika 10 na kupata joto.

Kwa hiyo nimalizie na multimita. Chomoa umeme, rudisha plagi za pawasaplai kwenye bodi, na uache bodi, prosesa yenye feni yake na RAM (kijiti cha kumbukumbu) moja tu. Diski na vingine vyote vichomoe, kisha rudisha umeme. Ncha nyeusi iguse waya mweusi wa Molex, nyekundu idumbukize nyuma ya plagi ya pini 24 mpaka ikutane na waya wa zambarau, ambao ndio 5VSB. Soma volti 5, kisha bonyeza kitufe huku macho yako kwenye namba. Ikiporomoka hadi 4 na kidogo, umempata mwizi, hata kama kipimo kilimsafisha. Zambarau ikisimama imara lakini waya wa kijani (unaoiamuru pawasaplai iwake) haushuki karibu na sifuri unapobonyeza, shuku kitufe: gusanisha pini mbili za PWR SW kwenye bodi (pale waya wa kitufe unapochomekwa) kwa bisibisi. Kijani ikishuka na kijivu (waya wa ile ishara ya PG) ikapanda hadi 5, pawasaplai imeruka kikwazo, hamia kwenye RAM (sugua meno yake kwa kifutio, jaribu kila tundu), betri ya CR2032 (ile ya mviringo kama sarafu kwenye bodi), na kapasita za bodi pembeni ya prosesa. Kichwa cha kapasita kiwe bapa. Kikivimba au kikiwa na ukoko wa kahawia, hiyo imekwisha. Mbadala wake uwe na maikrofaradi zilezile, volti sawa au zaidi, na wa nyuzi joto 105.

Pawasaplai yenyewe usiifungue kama hujafundishwa. Kapasita yake kubwa hubeba volti zaidi ya 300, na waya ukishachomolewa bado zimo.

Lawama yangu kwa kipimo ni moja: kwenye kompyuta za ofisi ambazo plagi yake kuu ni ya pini 6 au 8 za mtengenezaji mwenyewe, hakisaidii, na ile ya pini 8 inaweza kukuvutia uichomeke tundu la prosesa. Mpangilio wa waya ni tofauti, usijaribu. Kwa hizo natumia multimita peke yake.