Tone la damu kisiginoni: huduma ya kupima thairoidi ya mtoto mchanga

Huduma hii nimeitumia kwa binti yangu, ambaye sasa ana miaka miwili na miezi minane. Kipimo chenyewe nakipa nyota tano. Maelezo ya dawa tuliyopewa baadaye, nyota mbili.

Alizaliwa na kilo 3.2, akalia vizuri, tukafurahi. Siku ya tatu, kabla hatujaruhusiwa, nesi alimpasha mguu joto kwa kitambaa, akamchoma pembeni mwa kisigino na kudondosha damu kwenye karatasi nene yenye miduara. Alisubiri kila duara lilowe mpaka upande wa pili ndipo akahamia jingine. Mtoto analia, mimi naona anaonewa. Hata sikuuliza kinachopimwa.

Nyumbani alikuwa mtulivu mno. Nikimwamsha anyonye, ananyonya kidogo anasinzia tena. Mama mkwe akanipongeza: "Mwanangu, umejaliwa mtoto mpole." Zilikuwa zinapita siku tatu hajapata choo, macho bado yana manjano, na kilio chake kilikuwa kizito, kama cha mtu aliyekaukiwa sauti. Haya nimekuja kuyaunganisha baadaye. Wakati ule nilimshukuru Mungu kwa usingizi.

Siku ya tisa simu ikaita: mleteni leo, si kesho. TSH, homoni ya ubongoni inayoiamuru tezi ya thairoidi ifanye kazi, ilikuwa juu sana, na T4, homoni ya tezi yenyewe, ilikuwa chini. Tezi yake ya thairoidi, ile ya shingoni, ilikuwa haitoi homoni ya kutosha. Tatizo hili humpata takriban mtoto 1 kati ya 2,000 hadi 4,000, na wengi huzaliwa wakionekana wazima kwa sababu homoni ya mama huvuka kondo la nyuma na kuwakinga kwa muda. Ndiyo maana jicho la mzazi halitoshi, hata la mkunga mzoefu.

Daktari alituchorea. Homoni hii ndiyo inayoziongoza chembe za ubongo kufika mahali pake, kuunganishwa, na kuvikwa ule utando wa mafuta unaofanya ujumbe upite haraka kwenye neva. Ubongo unaitegemea zaidi katika miaka mitatu ya mwanzo. Mtoto akicheleweshewa dawa kwa miezi, kinachopotea hakirudi chote: akili huzorota, na hata walioathirika kidogo wanaweza kusumbuka na kumbukumbu, usikivu darasani, lugha au wepesi wa mikono. Lengo ni kuanza dawa ndani ya wiki mbili za kwanza. Sisi tulianza siku ya kumi. Kipimo hiki kilianzia Quebec, Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mimi nikiwaza watoto waliozaliwa kabla ya hapo wakasifiwa upole kama wangu, roho inaniuma.

Sasa lawama. Aliyetukabidhi vidonge vya levothairoksini, yaani homoni hiyo iliyotengenezwa kama dawa, kwenye dirisha la dawa alisema tu, "Saga, weka kwenye chupa ya maziwa." Siku mbili nikafanya hivyo. Siku ya tatu nikaona unga mweupe umeganda chini ya chupa ambayo mtoto hakuimaliza, nikajua dawa imebaki humo. Kliniki ndiyo waliotufundisha: ponda kidonge katikati ya vijiko viwili, tia matone machache ya maji au maziwa ya mama, mpe palepale, kisha suuza kijiko kwa matone mengine umpe na hayo. Kisichangamane na maziwa ya soya wala dawa ya madini ya chuma au kalsiamu, kwa kuwa huzuia dawa kufyonzwa. Kwa mtoto anayepewa mikrogramu 10 hadi 15 tu kwa kila kilo, unga wa chini ya chupa si kitu kidogo. Maelezo hayo yangeenea kwenye karatasi moja ya kumpa mzazi.

Ufuatiliaji wao hauna doa. Damu ilipimwa mara kwa mara mwaka wa kwanza, dozi ikibadilishwa kadiri anavyoongezeka uzito, maana ikizidi nayo humfanya mtoto ahangaike na kukosa usingizi. Baada ya wiki tatu hivi za dawa alianza kulia kwa njaa usiku, kwa sauti kali. Nilikaa kitandani nikalia naye.

Leo anaongea kutwa nzima na kupanda kila kiti. Kwa kuwa picha ilionyesha tezi yake ipo mahali pake, akitimiza miaka mitatu daktari atasimamisha dawa kwa wiki kadhaa, kisha tupime tena tuone kama imeamka.