Historia ya Peru kwa sauti ya dijei wa Ngamiani

Kwa mnaouliza kama ile filamu ya historia ya Peru inayouzwa kwenye kibanda cha kuingizia muvi huku Ngamiani inafaa: chukueni, ila sehemu ya tatu msiitegemee sana. Elfu mbili tu, sehemu zote tatu kwenye flashi, na dijei anasimulia Kiswahili mwanzo mwisho.

Inaanzia Caral, mji wa piramidi uliokuwapo tangu miaka ya 2600 KK, halafu hao, Wainka, waliotawala Peru kabla ya Wahispania. Hapo dijei kajitahidi. Zile kamba za mafundo, quipu, walizowekea hesabu za watu na kodi, kazieleza taratibu mpaka picha kaisimamisha. Kinachoudhi ni utani. Atahualpa, mfalme wa Wainka, kakamatwa mjini Cajamarca, Novemba 1532, anajaza chumba dhahabu ajikomboe, Pizarro, kiongozi wa wavamizi wa Kihispania, anapokea mali na mwaka uliofuata anamnyonga vilevile, na jamaa katikati ya msiba huo anawasalimia mashabiki wa Coastal, timu yetu ya mpira ya Tanga!

Sehemu ya pili ndiyo nimeirudia. Potosí, mgodi wa fedha ambao leo uko Bolivia. Wainka walikuwa na zamu ya kazi za serikali, mita. Wahispania wakaigeuza kongwa. Kuanzia miaka ya 1570, enzi za Toledo, mtawala aliyewekwa na mfalme wa Uhispania, mikoa iliyopangiwa ilitoa mwanamume mmoja kati ya saba kila mwaka. Wanatembea wiki nyingi na wake, watoto na lama, wanyama wao wa mizigo, wakifika wanapanda ngazi za ngozi, mawe ya fedha mgongoni, mshumaa umefungwa kidoleni. Mama akatoka jikoni na mwiko wake, akasimama mlangoni. "Hawa nao manamba?" Baba yake aliletwa kutoka Kigoma kukata mkonge, na siku usiyomaliza kazi kipande hakikutikiwa. Nikamwambia ndiyo, tena babu angalau aliweka dole gumba kwenye mkataba.

Ya tatu wameilipua. Túpac Amaru II, aliyeinua watu mwaka 1780 akiikataa mita hiyohiyo, kapewa dakika chache. Jenerali San Martín anatangaza uhuru Lima, 28 Julai 1821, majina ya waigizaji yanaanza kupanda. Vita vya Ayacucho, Desemba 1824, Jenerali Sucre wa upande wa uhuru alipolivunja jeshi la Wahispania lililokuwa bado linapigana, havimo kabisa. Nikarudi kibandani kuuliza kama faili limekatika. Kijana akanitazama: "Dada, si washapata uhuru?"

Nendeni na flashi zenu, za pale zina virusi.