Meli ya kitalii Ulaya: nunua mwezi kwanza, meli baadaye

Ukimpigia wakala simu kuulizia safari ya meli ya kitalii Ulaya, kitu cha kwanza atakachokutumia ni picha za meli: mabwawa ya kuogelea, ukumbi wa muziki, chumba chenye roshani. Mwezi wa kusafiri utaukuta chini kabisa, kwenye safu ya bei: Mei kiasi hiki, Agosti kiasi kile. Mimi nakushauri uanzie hapo chini. Meli zilezile huzunguka bandari zilezile kuanzia Aprili hadi Novemba, na chakula chake na vitanda vyake havibadiliki. Kinachobadilika ni kile utakachokikuta ukishuka.

Sababu iko kwenye ratiba. Meli nyingi hufunga gati kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi, na abiria wote hutakiwa wawe wamerudi saa 10 au saa 11 jioni. (Kwenye tiketi itaandikwa 16:00 au 17:00, wazee wanaosoma saa kwa Kiswahili wafafanulie mapema, meli haisubiri mtu.) Aliyepanga hoteli Roma mwezi wa Julai ana ujanja wake: anatoka alfajiri, mchana anajifungia ndani, usiku kukipoa anarudi mitaani. Abiria wa meli hana ujanja huo. Jua la saa 7 mchana ni lake lote, kama vile giza la mapema la Desemba ni lake lote. Kwa hiyo kila msimu hapa nimeupima kwa swali moja: kati ya saa 3 asubuhi na saa 11 jioni, huko nchi kavu kukoje?

Wa kwanza: Mediterania, katikati ya Septemba hadi katikati ya Oktoba

Kama pesa ni ya safari moja tu, iweke hapa. Kufikia katikati ya Septemba shule karibu zote za Ulaya zimefunguliwa, familia zimerudi makwao, na bei za vyumba zimeshuka kutoka kilele cha Agosti. Bahari lakini haijui kama likizo imekwisha: imekuwa ikipashwa moto tangu Juni, na maji ya Naples au visiwa vya Ugiriki bado yana nyuzijoto 24 hadi 26, karibu na maji ya Dar es Salaam wakati wa kipupwe. Athens mchana huwa kama nyuzijoto 29 Septemba, na 23 au 24 Oktoba. Mwanzoni mwa Oktoba jua huko huzama kama saa 1 jioni, kwa hiyo saa zako zote za bandarini zina mwanga.

Chukua Santorini, kwa kuwa ndicho kisiwa ambacho kila mtu anakitaka. Meli haifungi gati pale. Hutia nanga kwenye ghuba iliyoachwa na volkano, boti zinakupeleka kwenye bandari ya zamani chini ya jabali, na mji wa Fira uko juu kabisa. Kupanda kuna njia tatu: magari yanayoning'inia kwenye waya, punda, au miguu yako kwenye ngazi karibu 600. Magari hayo ni madogo. Siku ambayo meli nne zimetia nanga pamoja, foleni ya kupanda inakula saa nzima na ya kushuka inakula nyingine, na mchana wako umeisha ukitazama kisogo cha mtu. Kisiwa kimeweka ukomo wa abiria 8,000 wa meli kwa siku kuanzia 2025, lakini 8,000 nao ni umati. Oktoba meli hupungua. Hata tozo hupungua: Ugiriki ilianza Julai 2025 kumtoza kila abiria anayeshuka Santorini au Mykonos yuro 20 kati ya Juni na Septemba, na Oktoba ni yuro 12. Kwa familia ya watu wanne tofauti hiyo ni chakula cha mchana.

Njia ya magharibi (Barcelona, Marseille, Genoa, Civitavecchia, Naples) huwafaa zaidi wanaosafiri mara ya kwanza, maana bandari nyingi ziko mjini au karibu na stesheni. Civitavecchia ndiyo inayouzwa kwa jina la "Roma", nayo Roma iko kama saa moja kwa treni. Toa safari ya kwenda na kurudi, toa nusu saa ya tahadhari, na mji mzima umebakiwa na saa tano au sita. Joto la Septemba linakuruhusu kuzitumia zote kwa miguu. La Julai litakukalisha kivulini saa mbili kati ya hizo.

Mpaka wa katikati ya Oktoba uuheshimu. Baada ya hapo mvua na dhoruba huanza kuja kwa nguvu, hasa pwani ya kaskazini mwa Italia. Dhoruba ya tarehe 29 Oktoba 2018 ilivunja bandari ya boti za starehe ya Rapallo na kuzitupa boti ufukweni. Jumapili ya mwisho ya Oktoba pia saa hurudishwa nyuma, na jioni inakatika ghafla.

Wa pili: Norway, Juni

Huku hakuna wa kuogelea, na asije mtu akasema hakuambiwa. Bergen mwezi wa Juni mchana huwa kama nyuzijoto 17, na ni mji unaonyeshewa zaidi ya siku 200 kwa mwaka. Mtu wa Njombe au Limuru ataona ni Julai ya kwao. Mtu wa Tanga atataka sweta, koti la mvua na soksi za maana, avinunue kabla ya kuondoka, kwa sababu bei za Norway zitamtoa machozi.

Lakini ratiba ya meli, ambayo ni adui Mediterania, hapa inakuwa rafiki. Bergen jua la Juni huchelewa kuzama hadi kama saa 5 usiku. Ukipanda kaskazini hadi Tromsø halizami kabisa kuanzia karibu tarehe 20 Mei hadi tarehe 22 Julai. Meli ikiondoka bandarini saa 11 jioni, sehemu nzuri ya siku ndiyo kwanza inaanza: unakaa kwenye sitaha saa nne nzima huku meli ikipita kati ya kuta za milima, maji yakianguka kulia na kushoto. Maporomoko hayo hutokana na theluji inayoyeyuka, kwa hiyo Juni yamejaa. Ukifika Geiranger, ghuba nyembamba kati ya milima, mwishoni mwa Agosti, yale maarufu wanayoyaita Dada Saba yanaweza kuwa yamebaki nyuzi za maji. Ndiyo maana nasema Juni, sisemi "kiangazi" kwa jumla. (Waislamu waulize mapema ratiba ya sala wanayofuata wenyeji: Isha na Alfajiri huko Juni hukaribiana mno, na Tromsø hazina alama ya jua kabisa.)

Juni inaangukia pia likizo ya shule za Tanzania. Kwa mzazi mwenye watoto wa shule, namba mbili hii inaweza kuwa namba moja. Na ukichukua chumba chenye roshani mara moja tu maishani, kichukue huku. Mediterania chumba cha ndani kisicho na dirisha kinatosha, maana mandhari iko bandarini, wakati Norway mandhari inapita dirishani.

Bahari ya Baltiki huwa nzuri miezi hiyohiyo. Stockholm, Helsinki na Tallinn meli hukaribia sana katikati ya mji, na kuingia Stockholm kati ya visiwa vyake ni saa kadhaa za kutazama tu. Ila safari hizo zilijengwa kuzunguka St. Petersburg, ambayo meli za kampuni za Magharibi ziliacha kwenda tangu 2022. Bila mji huo naona njia yenyewe imepungukiwa chumvi. Kama bei ni sawa, chukua Norway.

Wa tatu: Mediterania, Mei

Kila nilichosema cha Septemba kipo, isipokuwa maji. Nchi kavu ni kijani, maua yako kila mahali, jua ni la upole na siku ni ndefu kuliko za Oktoba. Bahari ndiyo bado iko nyuzijoto 18 hadi 20, na mtoto wa pwani akitumbukiza mguu atautoa. Kwa asiyeogelea, au mzee anayetaka kuona Roma na Athens bila kuzimia, Mei inashindana na namba moja. Aprili ni nafuu zaidi lakini ni bahati nasibu ya mvua, na wiki ya Pasaka Roma hujaa mahujaji.

Wa nne: mtoni, Desemba

Danube na Rhine husafiriwa na meli ndogo ndefu zenye abiria chini ya 200, zinazofunga gati katikati ya mji. Kuanzia katikati au mwishoni mwa Novemba miji ya Vienna, Budapest, Cologne, Nuremberg na Strasbourg hufungua masoko ya Krismasi: vibanda vya mbao, taa, soseji, mvinyo wa moto wenye viungo. Budapest katikati ya Desemba jua huzama kabla ya saa 10 jioni, na hapo ndipo soko linapopendeza. Meli za mto nazo mara nyingi hukaa gatini hadi usiku. Giza la mapema, ambalo lingeharibu safari ya baharini, hapa ndilo bidhaa yenyewe. Angalia tarehe ya kuondoka: masoko mengi hufungwa tarehe 23 au 24, kwa hiyo safari inayoanza tarehe 20 ni ya kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Baridi ya Vienna ni nyuzijoto 3 au 4 mchana. Koti la kuazima halitoshi.

Mtoni miezi mingine ina hatari yake: maji. Yakizidi, meli haipiti chini ya madaraja, kama Danube ilipofurika Juni 2013. Yakipungua, kama Rhine mwaka 2018 na 2022, meli hukwama, na abiria hubebwa kwa mabasi kumalizia safari waliyoilipia kama ya majini.

Wa tano: visiwa vya Kanari na Madeira, Januari hadi Machi

Nyuzijoto 20 katikati ya baridi ya Ulaya. Inamfaa anayeishi Ulaya aliyechoshwa na baridi ya Hamburg au Birmingham. Kutoka Dar au Nairobi kwenda kutafuta nyuzijoto 20 sioni mantiki. Ramadhani ya 2026 na ya 2027 pia inaangukia Februari na Machi.

Wa mwisho: Mediterania, Julai na Agosti

Na ndio unaouzwa sana kwetu, kwa sababu likizo ya Agosti ya shule za Kenya inaangukia hapo, na kwa sababu ya msemo ule: "Joto nimezaliwa nalo." Joto la Mombasa lina upepo wa bahari na mwembe wa kukaa chini yake. Athens Julai hugonga 33 au 34 siku ya kawaida na kupita 40 linapokuja wimbi la joto, na kilima cha Akropoli, chenye mahekalu ya kale, ni mawe matupu: marumaru iliyosuguliwa na miguu ya karne nyingi, inateleza, inarudisha jua usoni, kivuli karibu hakuna. Julai 2023, na tena Juni 2024, mamlaka zililazimika kukifunga saa za mchana. Saa hizohizo ndizo za mtu wa meli. Tiketi nazo huuzwa kwa saa maalumu na ukomo ni watu 20,000 kwa siku, kwa hiyo ukikosa zamu yako ya asubuhi umekosa Akropoli.

Ongeza meltemi, upepo wa kaskazini unaovuma Bahari ya Aegean miezi hiyo. Siku ukikaza, boti haziwezi kushusha watu na nahodha anaruka kituo. Mkataba unamruhusu. Unalipa bei ya juu kuliko mwaka mzima ili uione Mykonos kutoka kwenye sitaha. Kama Agosti ndiyo nafasi pekee mliyo nayo, elekezeni macho Norway au Baltiki na muiache Mediterania.

Viza na malipo

Maombi ya viza ya Schengen (viza moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya) hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15. Kwa safari ya Septemba, faili liwe tayari Machi, kabla foleni za majira ya joto hazijafunga nafasi za miadi. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari iwe na fidia isiyopungua yuro 30,000. Omba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Zikilingana, kwa nchi utakayoingia kwanza.

Soma orodha ya bandari kabla ya kujaza fomu. Meli ikipita Istanbul au Kuşadası (Uturuki) au Kotor (Montenegro) umetoka Schengen, na unahitaji viza ya kuingia zaidi ya mara moja, pamoja na masharti ya nchi hiyo kwa pasipoti yako. Kroatia imo ndani ya Schengen tangu 2023, kwa hiyo Dubrovnik haina shida. Safari inayoanzia Southampton inataka viza ya Uingereza juu ya hiyo.

Ofa nyingi hutoka Januari hadi Machi. Weka amana hapo, lakini muulize wakala tarehe ya kumaliza malipo, ambayo mara nyingi ni siku 60 hadi 90 kabla ya kuondoka, na kiasi watakachokata viza ikikataliwa baada ya tarehe hiyo. Jibu alitoe kwa maandishi. Kama unasafiri peke yako, uliza pia bei ya chumba kizima: bei za matangazo huhesabu watu wawili chumbani, na wa peke yake huweza kulipishwa karibu mara mbili. Ndege iguse Ulaya angalau siku moja kabla ya meli kung'oa nanga.