Kaole: tuchimbe au tupime kwanza?

Ukifika Kaole, magofu ya mji wa kale wa Waswahili kusini kidogo ya Bagamoyo mjini, unaona misikiti miwili ya mawe ya matumbawe na makaburi, mengine yenye nguzo. Mji wenyewe huuoni. Watu wengi waliishi kwenye nyumba za miti na udongo, na hizo zimerudi ardhini. Ukitaka kuchora ramani ya mitaa yao, njia kubwa ni mbili.

Kuchimba ndiko kunakotoa tarehe. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba hapa mwaka 1958. Ndani ya shimo unaona sakafu juu ya sakafu, majivu ya jiko, pengine kigae cha bakuli la kijani kutoka China, na kigae hicho kinaweza kukutajia karne. Lakini shimo ni dogo, kazi ni ya polepole, na tabaka ukishaliondoa halirudi tena. Hilo linaniuma.

Njia ya pili ni magnetometa, kifaa kinachopima sumaku ya ardhini, nayo haiharibu kitu. Unatembea nayo kwa mistari iliyonyooka, nayo inahisi udongo ulioungua, majiko na mavi ya chuma, yaani takataka za kuyeyusha chuma. Songo Mnara, magofu mengine ya mji wa kale mkoani Lindi, vipimo vya aina hii vilisaidia kugundua nyumba za udongo palipoonekana patupu. Ila kipande cha bati la juzi huivuruga, na haisemi nyumba ni ya lini.

Mimi ningepima kwanza, eneo zima hadi ukingoni mwa mikoko, kisha nichimbe pachache tu palipotoa alama kali, nikianzia karibu na msikiti mkubwa.