Homa ya ini C Bukavu: kufuata mtandao (watu waliochangia sindano au wembe na mgonjwa) au kupima rika zima?

Kwa gharama, mtandao unashinda. Muulize mgonjwa alichangia sindano au wembe na nani miezi 6 iliyopita, kisha pima hao tu. Wanaojidunga pamoja watibiwe pamoja: kupona hakuleti kinga, chanjo haipo, na mmoja akibaki na virusi atawaambukiza wenzake upya. Ila siri ni lazima. Jina likivuja katika mtaa kama Kadutu, hapa Bukavu, hakuna atakayetaja mwingine.

Kwa wazee, mtandao haufai. Afrika ya Kati, wengi wao waliambukizwa zamani kwa sindano za matibabu zilizorudiwa bila kuchemshwa vizuri. Hakuna wa kumfuata tena. Ukiona wagonjwa wako ni wa umri huo, pima wote waliozidi miaka 50, ingawa vipimo vitaisha haraka. Wakiwa vijana wanaojidunga, anza na mtandao.

Jambo linaloharibu njia zote mbili ni kuishia kwenye kipimo cha kingamwili (chembe za kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya virusi): hubaki chanya hata kwa aliyepona. Thibitisha virusi kwa GeneXpert, mashine ileile ya kifua kikuu, ila kwa katriji (kifuko cha kipimo kinachoingizwa mashineni) ya homa ya ini C. Aliyeguswa na damu juzi apimwe tena baada ya miezi 3.